Walisimamisha filamu pale pale milango ilipofunguka

Nilikusudia kuusifu mgahawa mmoja wa Shangani, hapa Mtwara, unaoonesha filamu za zamani kwa projekta nyakati za jioni, kwa sababu mtu asiyependa kutazama mpira hana kumbi nyingi za kukimbilia katika mji huu. Lakini kila nikianza kuandika sifa hizo, hasira inanipanda upya.

Msimu wa korosho uliopita walituonesha Easy Living ya mwaka 1937, iliyoongozwa na Mitchell Leisen. Tajiri wa benki anagombana na mkewe na kulitupa koti la manyoya kutoka juu ya paa, nalo linamwangukia Mary Smith, msichana mwajiriwa aliyekaa juu ya basi la ghorofa. Basi, watu wanaamini kwamba yeye ni kimada wa tajiri: kazini anafukuzwa, ilhali mwenye hoteli anayedaiwa na tajiri huyo anamkabidhi vyumba vya kifahari, na wafanyabiashara wanapigana vikumbo kumpa vitu vya thamani, wakati mwenyewe hana hata hela ya kula. Jean Arthur, anayemwigiza Mary, anacheza butwaa lile kwa namna ambayo nilisahau kabisa pweza wangu mezani.

Kisha likaja tukio ambalo kwangu ndiyo filamu yenyewe. Mary ameingia katika mgahawa ambamo chakula hukaa nyuma ya vijimlango vinavyofunguka kwa sarafu, na mtoto wa tajiri, anayefanya kazi humo, anajaribu kumpitishia chakula bila malipo. Purukushani inazuka, vijimlango vyote vinafunguka kwa mkupuo, wenye njaa wanavamia. Hapo hapo taa za ukumbi wetu zikawaka.

Mhudumu, daftari mkononi na kalamu sikioni, alitangaza kwamba kuna meza haijalipa, akaanza kumulika chini ya viti kwa tochi ya simu akihesabu chupa tupu. Mimi niliyelipa tangu nilipoletewa chakula nilimwomba kwa adabu asubiri tukio limalizike. Akanijibu, tena kwa sauti ya kusikika hadi nje: "Mama, unajisumbua nini? Si mwisho wanaoana tu?" Akayasema hayo mbele ya watu ambao hawakuwahi kuiona! Filamu iliporejeshwa ilikuwa imesogezwa mbele, na Mary alikuwa tayari hotelini na yule kijana.

Nikasema sirudi tena. Hata pweza, ambaye kwa haki alikuwa laini, nilimwona mgumu. Hata hivyo nilikaa mpaka mwisho nikicheka kama wenzangu, na nilipomdai mwenye mgahawa aturudishie tukio lile, alilirudisha lote, huku mhudumu wake akiwa amesimama mlangoni anacheka kuliko sisi sote, jambo lililoniudhi zaidi. Wakiionesha tena nitakwenda, ila huyo kijana asipangwe zamu siku hiyo.