Risasi na Baruti za Gobore kwa Kuwinda Kulungu: Ipi Ununue, Ipi Uache

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo hakuna duka Nairobi utakaloingia ukaulizia baruti ya gobore. Anayehitaji mwongozo huu ni yule aliyealikwa na binamu yake Pennsylvania, Texas au Minnesota aende msimu wa magobore. Ameshauliza habari za leseni ya jimbo na mafunzo ya usalama, na sasa ametumiwa kwa WhatsApp picha ya rafu ya duka, makopo na pakiti zimejaa, na swali moja tu: "Nikuchukulie ipi?"

Usimjibu bado. Mwambie kwanza akupigie picha maandishi yaliyo kwenye mtutu. Watu wengi hununua baruti kwanza kwa sababu kopo limesifiwa, halafu risasi, halafu wanashangaa gobore linatawanya risasi kama mahindi ya kurushia kuku. Mpango ni kinyume chake. Mtutu ndio unaochagua risasi, na risasi ndiyo inayochagua baruti.

Mtutu unasema nini

Utakuta namba mbili. Ya kwanza ni upana, na kwa kulungu mara nyingi ni .50, yaani nusu inchi. Ya pili ni msokoto wa mifereji iliyo ndani ya mtutu: 1:28 maana yake mfereji unazunguka mara moja kamili katika inchi 28. Huo ni msokoto wa kasi, wa magobore ya kisasa yanayowashwa kwa praima 209 (fataki kubwa ya kuwashia baruti), na unataka risasi ndefu. Msokoto wa 1:66 ni wa pole, umetengenezewa goroli la mviringo. Kati yao kuna 1:48, ambao hula vyote viwili bila kukipenda sana hata kimoja.

Pamoja na picha hiyo omba kanuni za jimbo za mwaka huo, kwa maana zinaweza kufuta nusu ya rafu. Colorado, katika msimu wake wa magobore, hairuhusu risasi za kikombe cha plastiki, baruti ya vidonge wala darubini. Pennsylvania ina msimu wa baada ya Krismasi ambao ni wa gumegume tu, lile gobore la kuwasha kwa jiwe. California, tangu Julai 2019, haitaki madini ya risasi kabisa kwenye uwindaji. (Kiswahili kimetuwekea mtego hapa: risasi ni kitu kinachofyatuliwa, na pia ni madini yenyewe. Kwa hiyo "risasi ya shaba" si kosa la lugha, na ndiyo inayotakiwa huko California.)

Risasi, kwa mpangilio wetu

Nafasi ya kwanza, kwa gobore la .50 lenye msokoto wa 1:28, ni risasi ya greni 250 (greni ni kipimo kidogo cha uzito) iliyokaa ndani ya kikombe cha plastiki kiitwacho saboti. Risasi yenyewe ni nyembamba kuliko mtutu, kama inchi .451. Kikombe ndicho kinachoshika mifereji, kisha kinaachia risasi ikishatoka. Kati ya zinazopatikana kirahisi, Barnes T-EZ ya shaba tupu ndiyo tunayoiweka juu. Inafunguka kama ua, haimeguki, na hata ikigonga mfupa wa bega huendelea ndani. Hornady SST ya greni 250 hulenga vizuri vilevile na bei yake ni nafuu, lakini ndani ina madini laini ya risasi. Ikimpiga kulungu wa karibu kwenye bega huharibu nyama nyingi. Ukiichagua, piga nyuma ya bega, kwenye mapafu.

Usichoweza kusoma kwenye pakiti ni mkazo. Plastiki hazilingani unene, na mitutu miwili ya .50 haiwi sawasawa. Shindilia moja kwa mdeki, ule ufito wa kusukumia risasi mtutuni, usikie. Ikishuka kwa kidole kimoja bila kusumbua, imelegea, na inaweza kusogea mbele ukitembea mtutu ukiwa umeinama. Ikikulazimu kupigapiga mdeki kwa kitu, imekaza mno, na baada ya milio miwili ya masizi haitashuka kabisa. Inayofaa hushuka kwa mkono mmoja, kwa nguvu moja isiyokatika, kama kusukuma kizibo kwenye chupa ya maji. Kwa hiyo binamu anunue pakiti mbili ndogo za aina mbili, asikimbilie pakiti moja kubwa.

Nafasi ya pili ni risasi ya upana wa mtutu mzima yenye kitako cha plastiki, kama PowerBelt ya greni 245 au 295. Hushuka kwa raha kuliko zote, na mgeni ambaye mikono imekufa ganzi kwa baridi ataishukuru. Ubaya wake ni ulaini. Watu huijaza baruti ya greni 150, inakwenda kasi mno, inapasuka juujuu ya ngozi na kulungu anakimbia na jeraha. Ipe greni 80 hadi 100, itafanya kazi yake.

Ya tatu ni risasi nzito ya madini laini, greni 350 hadi 385, iliyopakwa mafuta mazito kuzunguka mwili wake. Hornady Great Plains ni mfano. Hii inapendana na 1:48, na kwa sheria za Colorado ndiyo njia rahisi. Hupenya vizuri, ila inaanguka upesi. Ukishavuka yadi 100, kukosea makadirio ya umbali kidogo tu kunakupeleka chini ya kifua.

Goroli tumeliweka la nne kwa sababu magobore mengi ya leo si yake, wala si kwamba ni baya. Kwenye gumegume la 1:66 ndilo la kwanza. Kwa .50 ununue goroli la inchi .490, lenye uzito wa greni 177 hivi, na viraka vya pamba vya unene wa .015 au .018 vilivyopakwa mafuta. Goroli hupoteza nguvu haraka hewani, kwa hiyo usivuke yadi 75. Ukifyatua, okota kiraka chini ukitazame. Kikiwa na tundu lililoungua katikati, kiraka ni chembamba au baruti imezidi. Kikiwa kimekatika pembeni, mdomo wa mtutu una makali.

Baruti

Kabla ya mpangilio, neno moja lisilo na mjadala: baruti isiyo na moshi, ile ya kujazia risasi za bunduki za kawaida, haiingii kwenye gobore. Shinikizo lake hupasua mtutu, na uso wako uko sentimita chache kutoka hapo. Kama rafu ya binamu ina makopo ya aina zote mbili, baruti ya gobore ihamishiwe kabati lake.

Kipimo cha greni nacho huwachanganya wengi. Kwa baruti ya gobore, "greni 100" kwa kawaida ni ujazo, yaani nafasi ambayo greni 100 za baruti nyeusi zingechukua kwenye kipimo cha shaba. Baruti mbadala, zile zilizotengenezwa kushika nafasi ya baruti nyeusi, ni nyepesi. Ukiweka Blackhorn, mojawapo ya mbadala hizo, kwenye mizani, greni 100 za ujazo huwa 70 hivi za uzito. Mtu akisikia "mia" akapima mia kwenye mizani, amejaza karibu mara moja na nusu.

Kwa gobore la kisasa, Blackhorn 209 inaongoza. Masizi yake ni machache, hainyonyi unyevu kama wenzake, na utafyatua mara kadhaa bila kufuta mtutu. Ni ghali, lakini kwa mgeni wa wiki moja bei hiyo inanunua utulivu. Anza na greni 100 za ujazo, na usipite 120. Masharti yake ni mawili. Inataka praima 209 kamili, fataki ndogo ya namba 11 haiiwashi, na kizibo cha nyuma ya mtutu kiwe kinachoikubali. Ukisikia fataki imelia halafu sekunde nzima ikapita kabla ya mlio, shuku tundu la moto kwenye kizibo limejaa masizi makavu. Gobore likiwa tupu na kizibo kimetolewa, lizungushie keekee ya inchi 1/8 kwa vidole. Maji hayaisafishi baruti hii, tumia kisafishio cha bunduki chenye asili ya petroli.

Ya pili ni Triple Seven ya unga. Haina salfa, haina ule uvundo wa yai bovu, na husafishwa kwa maji. Ina nguvu karibu asilimia 15 zaidi ya baruti nyeusi kwa ujazo uleule, kwa hiyo punguza: greni 85 zake zinasimama mahali pa 100. Kasoro yake ni pete ngumu ya masizi inayojengeka pale risasi ilipokalia. Risasi ya pili inaweza kukwama hapo, juu ya baruti, ukadhani imefika. Pitisha kitambaa chenye unyevu baada ya kila mlio, kisha kikavu.

Vidonge vya greni 50 tumeviweka vya tatu. Ni rahisi: vidonge viwili, umemaliza. Lakini huwezi kupunguza greni 10 ili mtutu utulie, na kidonge kilichovunjika mfukoni hubadilisha shabaha. Vya Pyrodex vina upande mweusi ambao lazima uelekee kwenye fataki. Ukivigeuza, vitachelewa kuwaka. Tatu kwa mpigo, yaani greni 150, ni teke la bure begani. Kulungu hatatambua tofauti.

Pyrodex ya unga inafanya kazi, bei yake ni ya kawaida, ila inakula chuma. Ukiiacha usiku mmoja bila kuosha, asubuhi mtutu una kutu.

Baruti nyeusi halisi ni ile ya tangu zamani, shura sehemu 75, makaa 15, salfa 10. Kwenye gobore la kisasa inaburuta mkia kwa uchafu. Kwenye gumegume haina mpinzani, kwa sababu hizo mbadala zinahitaji joto zaidi kuliko cheche za jiwe. FFg, yenye chembe kubwa, iingie mtutuni, greni 70 hadi 90 kwa .50, na FFFFg, iliyo laini zaidi, kidogo tu kwenye kisahani cha kupokea cheche.

Vipimo hivi vyote vinakaa chini ya kitabu cha mtengenezaji wa gobore hilo. Kikisema mwisho 100, ni 100.

Mambo yanayoharibu siku

Mafuta ya kuhifadhia yakibaki chini ya mtutu, baruti hulowa. Futa, kisha fyatua fataki mbili tupu ukielekeza mahali salama kabla ya kushindilia. Ukishashindilia vizuri, chora alama kwenye mdeki usawa wa mdomo wa mtutu. Alama hiyo ndiyo itakayokwambia kama risasi imefika, au kama mtu ameshindilia mara mbili. Nafasi ya hewa kati ya baruti na risasi hutengeneza uvimbe kwenye mtutu, na mtutu wenye uvimbe ni wa kutupa.

Mtu wa Nairobi huponzwa zaidi na baridi. Gobore likitoka kwenye theluji likaingia sebuleni penye hita, umande unatanda ndani na baruti inalowa. Toa fataki, gobore likae kwenye banda lililofungwa kwa kufuli, huko huko kwenye baridi.

Kiasi cha kununua

Risasi 30 zinatosha: 20 za kulenga shabaha na 10 za porini. Kopo moja la Blackhorn la aunsi 10 lina greni 4,375 za uzito, yaani milio 62 ya greni 70. Vidonge 100 ni milio 50. Ongeza praima pakiti moja ya 100 kwa sababu nyingine utazifyatua tupu, na mdeki wa akiba kama wa binamu ni wa mbao.

Kitakachobaki kimwachie mwenyeji. Baruti na fataki haziruhusiwi kwenye ndege, si mkononi wala kwenye sanduku, na risasi moja iliyosahaulika mfuko wa koti ina maelezo marefu ya kutoa pale JKIA. Begi la porini nalo lisirudi kama begi la safari. Vumbi la baruti hung'ang'ania kitambaa, na mashine za uwanjani zimetengenezwa kunusa kitu hicho hicho.