Udongo wa mfuko wa vitaluni: kwa mkia wa farasi, theluthi moja tu

Vitalu vya kando ya barabara hapa Unguja vinauza vyote kwa pamoja: chungu, udongo uliokwisha changanywa, na kazi ya kupanda. Kwa asumini au mrehani, udongo ule hauna neno. Hapa tunaupima kwa mmea mmoja tu, ule wenye bonge nene chini na majani membamba yanayoning'inia kama mkia wa farasi, tena ule uliosahauliwa barazani mpaka ncha zikawa kahawia na mizizi ikajaa chungu kizima. Kwa huo, mfuko peke yake haufai.

Wauzaji wengi wanauhesabu kuwa jamaa wa mnazi. Siyo. Beaucarnea recurvata asili yake ni nchi kavu za mashariki ya Mexico, na kwa ukoo uko karibu na mkonge kuliko mnazi. Lile bonge ni tangi lake la maji. Ndiyo maana unastahamili kusahauliwa miezi, lakini haustahamili kukaa miguu ndani ya maji.

Mfukoni mara nyingi utakuta udongo wa kinongo, samadi na usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi. Twaa konzi moja, ilowanishe, ifumbate. Ikibaki imeshikana kama tonge la ugali, maji yatakwama humo humo na mizizi itaoza. Ila hilo lina dawa. Linalotusumbua zaidi ni usumba, kwa sababu hapa kwetu makumbi hufukiwa pwani, yakaingiwa na maji ya bahari kwa miezi kabla ya kupondwa. Usumba wa namna hiyo unakuja na chumvi yake, na chumvi inaunguza ncha za majani hata umwagilie vizuri vipi. Muulize muuzaji ametoa wapi. Asipojua, uloweke kwenye ndoo ya maji matamu usiku kucha, ukamue, urudie mara tatu. Mchanga wa ufukweni usiuguse kabisa.

Mchanganyiko unaofaa: kopo moja la udongo wa mfuko, kopo moja la mchanga mnene wa kujengea uliooshwa, na kopo moja la vigae vya chungu au mkaa uliopondwa ukubwa wa punje za mbaazi. Ukifumbata sasa, udongo uachie vidole. Ukimimina maji juu, yatoke tunduni kabla hujahesabu sitini.

Kwenye vyungu vitalu vinapata alama nzuri. Cha udongo kisichopakwa rangi ndicho bora, maana ubavu wake unapitisha hewa na unakauka haraka. Cha saruji ni kizito, upepo wa kusi haukiangushi, lakini vingi vinauzwa bila tundu. Sema kitobolewe hapo hapo, tundu la kupita kidole, kabla hujalipa. Plastiki inavumilika ukipunguza maji. Upana uzidi bonge kwa sentimita 2 hadi 5 tu. Chungu kikubwa kinapendeza machoni, ila udongo usiofikiwa na mizizi unabaki mbichi wiki nzima, na kuoza kunaanzia huko.

Kazi ya kupanda ndiyo dhaifu kuliko yote. Tatizo la kila siku ni kulifukia bonge mpaka shingoni ili mmea usimame wima. Mwambie anayekupandia mapema: "Kaka, bonge libaki juu, mizizi tu ndiyo ifukiwe." Ukiyumba, uegemeze kwa mawe matatu mpaka mizizi ishike.

Kwa mmea uliochoka, bora uifanye kazi hii mwenyewe. Utoe chunguni ukiwa mkavu, ukung'ute udongo wa zamani, kisha ubonyeze bonge kwa kidole gumba. Likiwa gumu, salama. Likiwa limekunjamana lakini gumu, lina kiu tu. Likibonyea na kutoa harufu, limeoza: kata kwa kisu kilichopanguswa spiriti mpaka ufike nyama nyeupe safi, paka unga wa mkaa, uuache kivulini siku tano au zaidi jeraha likauke. Mizizi myeusi inayovutika kama uzi mbichi iondoe yote. Majani makavu ya chini vuta kuelekea chini, yanachomoka yenyewe. Ya kati vuta taratibu sana. Moyo ukichomoka na ute, kichwa kimekufa, ingawa bonge zima linaweza kuchipua pembeni. Ukiona vijidudu vyeupe kama pamba kwenye makwapa ya majani, vifute kwa kitambaa chenye spiriti.

Ukishapanda, usitie maji siku saba. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa huruma: mizizi iliyokatwa ikipata maji kabla ya kupona, inaoza. Baada ya hapo mwagilia mpaka yatoke chini, kisha ngoja. Kipimo chetu ni njiti ya ufagio wa chelewa: ichomeke mpaka chini, ihesabie dakika tano, ichomoe. Ikitoka na udongo umeganda, rudi wiki ijayo. Maji ya visima vya karibu na pwani yana chumvi; ya mvua ni bora. Samadi zaidi usiongeze kwa miezi miwili.

Jua nalo lipewe kwa kipimo. Mmea uliotoka kwenye giza la nyumba ya Mji Mkongwe ukiwekwa juani saa sita utababuka. Anza na saa moja ya jua la asubuhi, ongeza kidogo kidogo kwa wiki mbili. Masika ikiingia, uingize upenuni. Kwa walioko Pemba, ambako mvua ni nyingi kuliko Unguja, ongeza nusu kopo la vigae, na chini ya chungu weka vipande vitatu vya tofali ili tundu lisigusane na sakafu.