Kozi ya mtandaoni ya kutengeneza masomo ya kidijitali: uzoefu wangu nikiwa Ujiji

Nimeimaliza wiki iliyopita, acha niandike kabla sijasahau. Ni kozi ya wiki sita inayowafundisha walimu kutengeneza video, sauti, picha na majaribio ya mtandaoni. Inaendeshwa kwa Kiswahili na watu walioko Dar. Nililipa shilingi 85,000 kwa simu. Jina la waendeshaji naliacha maana nina manung'uniko nao na sitaki ugomvi. Nyota nawapa tatu, na nusu ya kuwapoza.

Mimi nafundisha baiolojia kidato cha pili, shule ya kata. Nina simu, na kompyuta ya shemeji ninayoazima Jumamosi. Wanafunzi hawaruhusiwi simu shuleni, kwa hiyo chochote ninachotengeneza kinaishia kwenye simu ya mzazi, jioni, akisharudi kutoka gati la Kibirizi au soko la Mwanga, bando lake likiwa limebaki kidogo na chaji nayo ndiyo hiyo. Hali hii waendeshaji hawakuiuliza popote kwenye fomu ya kujiunga. Waliuliza fulana saizi gani. Fulana yenyewe haijafika.

Wiki ya kwanza ni nadharia, na kwa hiyo peke yake sijutii hela yangu. Walianza na Richard Mayer, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California kule Santa Barbara, ambaye kwa miaka mingi amepima watu wanajifunzaje kwa maneno na picha vikiwa pamoja. Wakamleta na John Sweller wa Australia, aliyeandika mwaka 1988 kuhusu mzigo wa akili. Nilivyoelewa mimi ni hivi: kilichoingia machoni na masikioni lazima kipite kwenye chumba kidogo cha akili kabla hakijaenda kuhifadhiwa, na chumba hicho kinabeba vitu vichache tu kwa mara moja. Ukikijaza mapambo, somo linabaki nje mlangoni. Mtu wa Kigoma hahitaji kuelezwa mara mbili. Boti ya Kibirizi ikijazwa magodoro ya mfanyabiashara mmoja, abiria wanabaki gatini na nauli zao mkononi.

Basi nikaingia kazini, na kwa ujinga wangu nikafanya yaleyale niliyokatazwa.

Somo lilikuwa mnyororo wa chakula. Nikatengeneza video ya dakika 14. Nikaweka simba, pundamilia, majani ya mbugani, muziki wa singeli chini kwa chini, na pundamilia mmoja wa katuni niliyempata kwenye maktaba ya picha ya kozi, anayetikisa kiuno. Nilijiona fundi. Faili likafika MB 96. Usiku uleule mzazi mmoja akanitumia sauti: "Mwalimu, samahani, hiyo video yako imeondoka na bando langu la wiki, na mtoto bado hajaiona mwisho." Asubuhi darasani nikawauliza waliofanikiwa kuiona wamejifunza nini. Wakacheka wote. Wawili wakasimama kuniigizia pundamilia. Nishati inahamaje kutoka kwa kiumbe kimoja kwenda kwa kingine? Kimya.

Nikarudi kwenye kozi, nikaisikiliza tena wiki ya kwanza bila kuchati. Wana kipengele kuhusu vitu vitamu visivyohusika, vile vinavyovuta jicho na kuliacha somo, na wanasema uvitoe hata kama unavipenda. Hasa kama unavipenda. Wakataja pia uchunguzi wa mwaka 2014 uliopitia vipindi karibu milioni 7 vya watu kutazama video za masomo kwenye edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, ukaona kwamba hata video iwe ndefu namna gani, mtazamaji wa kawaida hafiki mbali zaidi ya dakika 6.

Hapo ndipo nilipokaa na kalamu. Nilikuwa nataka kupunguza MB tu, wazazi wasinichukie. Nikatoa muziki. Nikamtoa pundamilia, roho ikiniuma. Nikatoa video ya mbugani nikaweka picha zilizotulia, kwa sababu picha isiyocheza haili data sana. Nikazipunguza zile dakika 14, nikabakiza vipande vitatu vya dakika mbili na ushee kila kimoja. Kila nilichokitoa kwa ajili ya bando, nikikifungulia maelezo ya kozi nakuta nacho kinapaswa kutoka kwa ajili ya akili. Kisu ni kilekile! Kipande kimoja kikashuka hadi MB 6. Sijui kwa nini kozi yenyewe haikuliona hilo, maana wangelisema siku ya kwanza tungepona wengi.

Simba naye nilimtoa. Watoto wa hapa wengi simba wanamwona kwenye noti na vitabuni. Nikaenda mwaloni asubuhi nikapiga picha dagaa wakiwa wameanikwa, nikapiga mgebuka mmoja mkubwa aliyekuwa anapimwa, na mama mwenye samaki akaniuliza kama namtafutia mteja. Mnyororo ukawa wa ziwa letu: vimea vya kijani visivyoonekana kwa macho vinavyotengeneza chakula kwa jua, vidudu vidogo vya majini vinavyovila, dagaa wanaokula vidudu hivyo, mgebuka anayekula dagaa, na sisi na ugali wetu juu kabisa. Hakuna aliyehitaji kuelezwa dagaa ni nani.

Sasa lile suala la mishale, walimu wa baiolojia mnanielewa. Kila mwaka watoto wanachora mshale kutoka kwa mlaji kwenda kwa anayeliwa, kana kwamba mgebuka anamnyooshea dagaa kidole. Mshale unatakiwa kuonyesha nishati inakwenda wapi. Ubaoni nimelisema mpaka koo limekauka. Kwenye video nikafuata ushauri wa wiki ya tatu: mshale usionekane mpaka sauti inapoutaja, na ukitokea uwe na rangi yake peke yake, kila kingine kiwe kijivu. "Dagaa ameliwa, nishati yake inaingia kwa mgebuka," na mshale unatembea hapohapo. Daftari za mwaka huu bado zina mishale iliyogeuka, lakini nazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Hilo kwangu lina thamani ya nyota mbili kati ya zile tatu.

Jambo moja nilibishana nao. Wanafundisha kwamba ukishasema kwa sauti usiandike maneno yaleyale kwenye kioo, kwa sababu jicho linasoma huku sikio linasikiliza na vyote viwili vinagombania nafasi. Nikatii. Nikafuta maandishi yote, nikaeleza kwa Kiswahili huku nikiyataja majina ya Kiingereza kwa mdomo, maana mtihani wa sekondari ni wa Kiingereza na hatuna namna. Matokeo yake yalinichekesha na kunihuzunisha. Nikawauliza wanafunzi mzalishaji, yaani kiumbe anayejitengenezea chakula, kwa Kiingereza anaitwaje, kijana wa nyuma akajibu bila wasiwasi, "Prodyusa, mwalimu. Yule anayepiga biti studio." Hakukosea sana, ila kuliandika ndiyo hakuna aliyeweza. Nililiuliza kwenye kipindi cha maswali, na mwezeshaji mmoja (huyu ni mwalimu kweli, unamsikia tu) akanijibu vizuri: kanuni hiyo inalegea pale neno linapokuwa geni au lugha inapokuwa si ya mwanafunzi. Usiandike sentensi nzima, andika neno lile moja, likae karibu na picha yake. Sasa kabla ya kila kipande natuma sauti fupi na picha moja yenye maneno matano mapya. Sauti ya dakika mbili haifiki hata MB moja. Prodyusa wa ziwa na prodyusa wa studio sasa kila mtu yuko kwake.

Majaribio pia wameyafundisha vizuri kwa maneno. Walitaja kazi ya Roediger na Karpicke ya mwaka 2006: waliosoma tena na tena walifanya vizuri baada ya dakika tano, lakini wiki moja baadaye waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Nimelichukua hilo, kila Ijumaa natuma maswali matatu ya somo la wiki iliyopita. Lakini majaribio ya kozi yenyewe! Unachagua A, kinatokea kitufe chekundu: "Si sahihi. Jaribu tena." Kwa nini si sahihi? Hawasemi. Nilijaribu tena mpaka herufi zikaisha.

Na jukwaa lao limejaa hayohayo wanayoyakataza. Ukurasa wa mwanzo una muziki unaojipiga wenyewe, nembo inayozunguka, na video ya kukaribishwa inayoanza kabla hujabonyeza. Vipindi vya moja kwa moja ni saa mbili usiku, na rekodi yake huwezi kuipakua, lazima uitazame hapohapo. Umeme ulikatika mara mbili nikiwa ndani, ukirudi mfumo umeniandikia utoro. Nilituma malalamiko, jibu likaja baada ya siku tisa likinishauri nitumie mtandao wenye kasi zaidi.

Ratiba nayo. Walisisitiza uchapishe somo siku ileile kila wiki, mwanafunzi azoee. Huku haikufanya kazi na nilichelewa kujua sababu. Nusu ya wazazi wangu ni wavuvi wa dagaa, na dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa haupo, baba yuko ziwani na simu yake. Mbalamwezi ikitoka, yuko nyumbani. Sasa masomo mazito nayatuma kwenye mbalamwezi, na siku za giza natuma sauti na maswali tu, atakayeipata aipate. Wale wenye vitochi, simu ndogo za vitufe, nawawekea kwenye memori kadi, wanarushiana wenyewe.

Ungeniuliza kama ulipe, ningekwambia wiki ya kwanza, ya tatu na kile kipindi cha maswali vinatosha kurudisha hela. Wiki ya tano, ya kutengeneza nembo yako ya mwalimu, lala. Wametangaza daraja la pili kwa shilingi 150,000. Mimi nimenunua memori kadi.

Cheti kimetoka juzi. Kina maua pembeni, mistari ya dhahabu na picha ya mnara wa mawasiliano. Kupakua ni MB 38. Nimekiacha hukohuko.