Dirt bike ya kwanza kwa anayetaka kuijua motokrosi: anza na ipi?

Watu wengi hupoteza pesa kwa sababu swali lao la kwanza ni "cc ngapi?" Mtu anaenda kuangalia motokrosi, yaani mbio za pikipiki kwenye udongo na matuta, Jamhuri Park pale Nairobi, au Garuga kule Uganda, anaona pikipiki ya cc 450 inavyoruka tuta, na kabla hajafika nyumbani ameshaanza kupiga simu akiulizia 450 ya mtumba. Miezi michache baadaye inauzwa tena, ikiwa na klachi iliyoungua na mwenyewe hajajifunza kupiga kona.

Orodha hii nimeipanga kwa kigezo kimoja: ni pikipiki gani itamfanya mtu mzima wa kilo 65 hadi 85, ambaye tayari anajua kuendesha pikipiki ya kawaida, awe mwendeshaji mzuri wa udongo bila kufilisika. Kasi sikuihesabu.

Ya kwanza: Yamaha YZ125 ya mtumba

Najua kuna watakaobisha, kwa sababu ni tustroku (injini ya mipigo miwili, inayochomea oili ndani ya petroli) na inaonekana ndogo. Panda kwanza. Nguvu ya 125 iko juu kabisa kwenye mzunguko wa injini. Ukiingia kona na gia isiyo yake, inazubaa, na hakuna msuli wa kukuvuta utoke. Kwa hiyo utajifunza kwa lazima yale ambayo injini kubwa humfichia mwenyewe: kushika breki mapema na kuachia mapema, kuingia na kasi yako ndani ya kona, kuchezea klachi kwa kidole kimoja ili injini isishuke. Waafrika Kusini wawili, Greg Albertyn mwaka 1992 na Grant Langston mwaka 2000, walitwaa ubingwa wao wa kwanza wa dunia kwenye daraja hili la 125.

Kwa nini Yamaha? Fremu ya alumini ilikuja 2005, shokapu za KYB SSS zikafuata 2006, kisha mashine ikabaki karibu ileile hadi modeli ya 2022 ilipoletewa injini mpya. Ndiyo maana vipuri vingi vya miaka hiyo yote vinaingiliana, na ukiagiza kutoka nje hupati kichwa kuuma. Uzito wake ni kama kilo 95 ikiwa na petroli. Kubadilisha pistoni na ringi si kazi ya kuogopesha kwa fundi aliyewahi kufungua Yamaha DT au AG100, na mafundi hao bado wapo.

Ina masharti yake. Kitabu cha Yamaha kinataka sehemu 30 za petroli kwa moja ya oili, yaani lita 5 za petroli zinachukua mililita 167 hivi. Nunua kikombe cha kupimia. Hesabu ya vifuniko vya chupa iachie wauza pombe. Jambo la pili ni mwinuko. Nairobi iko juu ya bahari kwa takriban mita 1,700 na hewa yake ni nyepesi, kwa hiyo kabureta iliyopangwa kwa pwani itamwaga petroli kupita kiasi: injini inakohoa, plagi inatoka nyeusi na imelowa. Weka jeti kuu (kitundu kinachopitisha petroli ndani ya kabureta) ndogo zaidi. Ukishuka Mombasa, irudishe kubwa, maana huko kosa ni ghali zaidi: mchanganyiko mkavu, wenye petroli kidogo mno, unatoboa pistoni. Asiyetaka usumbufu huo aangalie KTM 125 SX ya kuanzia modeli ya 2023, yenye injekta badala ya kabureta, ila bei yake bado iko juu.

Ya pili: Honda CRF250F na ndugu zake

Hapa wamo pia CRF230F, Yamaha TT-R230 na Kawasaki KLX230R. Ni fostroku (injini za mipigo minne), zinapoozwa kwa hewa, zina stata ya umeme, na ukizibadilishia oili kwa wakati zinakusahaulisha karakana. Kama mahali unapoishi hakuna uwanja karibu na mazoezi yako ni vijia vya shambani na milimani, hii ipande iwe ya kwanza. Siti ya CRF250F iko chini ya ile ya YZ125 kwa karibu sentimita 10, jambo ambalo mfupi atalishukuru kila anaposimama mlimani. Tatizo ni shokapu laini na uzito wa kilo 120 hivi. Ukianza kuruka kwa dhati zinagonga chini, na pesa ya kuzikaza ingekununulia pikipiki nyingine.

Ya tatu: 250 ya fostroku ya mashindano

YZ250F, CRF250R, KX250, KTM 250 SX-F. Ndizo nzuri kuliko zote kwenye orodha hii, na ndizo ninazoziogopa zaidi zikiwa mtumba. Injini inazunguka juu sana. Valvu au fimbo ya pistoni ikikatika, inaondoka na silinda, kichwa na akiba yako. CRF250R za 2004 hadi 2009 zilijulikana kwa valvu za kuingiza hewa kulika mapema.

Ukienda kuiona, mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Shika injini kwa mkono: ikiwa ya moto, kuna jambo. Iwake ikiwa baridi, bila kusukumwa. Fungua siti utoe chujio la hewa, kisha pitisha kidole safi ndani ya mdomo wa kuingizia hewa. Kidole kikitoka na vumbi, injini imekuwa ikila mchanga, na hakuna bei ya kurekebisha hilo, ondoka. Inyanyue kwa nyuma uitikise tairi juu chini na kushoto kulia, usikilize mlio wa beringi. Tazama meno ya sproketi, yakichongoka kama ya papa ujue cheni nayo imekwisha. Omba rekodi ya saa za injini na lini mara ya mwisho valvu zilipimwa. Muuzaji anayejibu "haijawahi kufunguliwa" akijisifu amekupa habari mbaya.

Mwaka nao una maana. Stata ya umeme ilifika kwenye CRF250R na modeli ya 2018, YZ250F ya 2019, KX250 ya 2021. Injini ikizima katikati ya mbio na bado unapiga kiki, mtu uliyemzidi nusu mzunguko atakupita akikupungia.

Za China za cc 250 nimeziweka ya nne, kwa sababu bei yake mpya inaweza kukaribia ya Kijapani iliyochoka na vipuri vinapatikana. Kwa vijia ni sawa. Kwa matuta makubwa, hapana. Shokapu na rimu hazikuundwa kwa kazi hiyo.

450 ndiyo ya mwisho. Ina nguvu ya zaidi ya farasi 50. Mikono inakaza baada ya mizunguko michache na unaanza kuendesha ukiwa umeketi, basi mazoezi yameishia hapo. Ingoje.

Watoto wana hesabu yao: PW50 isiyo na klachi kwa anayeanza kabisa, KTM 50 SX kwa anayetaka kushindana, kisha 65 na 85 kadiri urefu unavyoruhusu.

Kabla hujalipa pikipiki, tenga pesa ya helmeti mpya yenye alama ya kiwango cha usalama cha ECE 22.06, na buti ngumu za motokrosi zenye vifungo vya chuma au plastiki. Buti za mtumba zinavumilika zikiwa hazijapasuka. Helmeti ya mtumba usiguse: povu la ndani likishabonyea kwa ajali moja halirudi, na kwa nje hutaona kitu.

Pikipiki ikifika, kabla ya ekzosi na stika, pima shokapu ya nyuma. Ipandishe kwenye stendi tairi likining'inia, upime kutoka ekseli hadi alama kwenye madigadi. Ishushe, kaa juu yake na buti na helmeti yako, mtu mmoja akushikie mbele na mwingine apime tena. Kaza au legeza springi hadi tofauti iwe milimita 100 hadi 105. Sasa shuka, pikipiki isimame yenyewe, ipimwe mara ya tatu. Ikiwa imezama milimita 30 hadi 40 kwa uzito wake tu, springi ni yako. Ikizama 15, usidhani ni ngumu: ni laini mno kwa kilo zako, ndiyo maana ulilazimika kuikaza sana, na springi ngumu zaidi ndiyo kitu cha kwanza cha kuagiza.