Mzinga wa kioo wa kukaa ndani: nimeutumia kaskazi na masika hapa Tanga, ukweli wake ndio huu

Haya wapendwa karibuni tena, shikamooni wakubwa zangu mnaotuangalia, vijana mambo vipi. Leo niko Raskazone hapa Tanga mjini, kwenye chumba cha mafunzo, na hiki kilichopo ubavuni kwangu ndicho mlichokuwa mnaniulizia, mzinga wa kioo, ule unakaa ndani ya nyumba nyuki wanatoka nje kwa bomba. Umekaa hapa kaskazi yote na masika yote, kwa hiyo naongelea kitu nimekiona kwenye joto na kwenye mvua.

Jibu nalitoa mapema kabisa ili mwenye haraka aondoke nalo. Kama huna mzinga mwingine nje, wenye nguvu, usinunue hiki. Ukiwa na miwili mitatu pale manzukini, yaani unapofugia nyuki, nunua, hakuna kitu kitakachokufundisha nyuki kama hiki. Narudia kwa sababu watu wengi wanakiona wanapenda wanataka kuanzia hapa, na huku sio pa kuanzia.

Sababu ni hii. Humu ndani kuna fremu mbili tu, yaani mbao za pande nne zinazoshika sega, moja juu moja chini. Fremu moja kubwa ya Langstroth, ule mzinga wa masanduku yenye fremu, ukihesabu pande zote mbili ina vijumba elfu sita elfu saba hivi, na malkia akichanganya kwenye msimu mzuri anataga mayai zaidi ya 1000 kwa siku moja. Sasa piga hesabu mwenyewe, wiki haijaisha fremu imejaa, wanakosa nafasi, wanaanza kujenga vijumba vya malkia wagawanyike waondoke. Na upande wa pili njaa ikija hawana ghala, asali ya humu ni kidogo mno, mvua ya masika ikikaza siku kadhaa mfululizo hawatoki na chakula kinaisha huku unaangalia. Kwa hiyo wakizidi unatoa fremu ya majana, yaani watoto wa nyuki, unaipeleka mzinga mama, ule wenye nguvu wa nje, unawarudishia tupu, wakipungua unafanya kinyume chake. Bila mzinga mama hiyo fremu utaitoa wapi?

Na ndio maana kabla hujaenda kwa fundi angalia mizinga yako ya nje ni ya aina gani. Huku kwetu wengi mna ile ya viunzi vya juu, sega linaning'inia halina fremu pembeni. Sega kama hilo ukiliingiza humu nyuki wataligandisha kwenye kioo, na ukiinamisha tu linakatika. Chukua fremu kamili, na fremu za humu ziwe saizi moja na za nje, hapo hakuna mjadala.

Sogeza kamera hapa. Huu ametengeneza fundi seremala wetu wa hapa mjini, mbao ni mtiki wa shamba la miti la Longuza kule Muheza, haujapinda na unyevu wote huu wa pwani, namsifu. Mbao ya kijani iliyotiwa dawa ya wadudu usiikubali hata akupe bure, nyuki nao ni wadudu. Kioo ni kile kigumu kisichotoa vipande vya kukata, na nakipendelea kuliko plastiki kwa sababu nyuki wanapaka gundi yao na nta kila mahali, kioo unakwangua kwa kisu kinatakata, plastiki inachunika na joto linaipinda. Kati ya kioo na kioo kuna milimita 45 hivi, na hapa fundi hana ruhusa ya kukadiria kwa macho. Ukiacha nafasi kubwa watajenga masega ya ziada kwenye kioo na hutaona chochote, ukibana sana nyuki hawapiti mgongo kwa mgongo na wanaozaliwa wanabanwa wakitoka kwenye vijumba.

Sasa bomba. Watu wote wanashangaa kioo lakini mimi ningekuwa nanunua ningeangalia bomba kwanza na haya mageti mawili, moja liko kwenye mzinga, moja kwenye bomba. Usiku nyuki wakiwa wameingia wote nafunga yote mawili, nachomoa, mzinga wote naubeba nje uwanjani, kazi ya kufungua nafanya kule nikiwa nimevaa vazi la kujikinga na kifaa cha kufukizia moshi kiko tayari, na huku hakuna hata nyuki mmoja aliyebaki chumbani. Hawa ni nyuki wetu wa Kiafrika jamani, mmoja akidunga anatoa harufu ya kuita wenzake, sasa hiyo harufu itoke ndani ya chumba kuna watoto wa shule, hapana. Mzinga wa kioo usio na mageti mawili mimi siupitishi hata uwe mzuri vipi.

Bomba liwe na mteremko kuelekea nje maji ya mvua yasiingie, mdomo wake nje uwe juu kupita vichwa vya watu, hapa tumepitisha juu ya dirisha, na ndani ya bomba tumelaza kipande cha wavu maana plastiki laini inateleza, nyuki aliyebeba chavua anahangaika kupanda. Lisiwe refu sana pia, wanaobeba maiti za wenzao wanachoka njiani, wakiziacha zinaziba.

Joto sasa, hapa ndipo nataka watu wa pwani mnisikilize vizuri. Maelekezo mengi ya hii mizinga yameandikwa Ulaya na Marekani kwenye baridi, wanakwambia funika nyuki wasigande. Sisi mwezi wa pili hapa Tanga ndani ya nyumba unatoka jasho umekaa. Majana yanataka nyuzijoto 34 mpaka 35, nyuki wa mzinga mkubwa wako maelfu kwa maelfu wanapepea kwa mbawa na kuleta maji wanapoza, hawa wa fremu mbili nguvu hiyo ni ndogo. Nta inayeyuka kwenye 62 au 64 lakini inaanza kulegea mapema sana kabla ya hapo, na sega jipya lenye asali ni zito, likilegea linashuka lote na malkia yuko ndani. Kwa hiyo jua lisipige kioo hata dakika chache. Huu wangu una matundu ya hewa yenye wavu pembeni juu na chini, na yanachomoka, hii ni pointi kubwa kwa fundi kwa sababu nyuki wanayaziba kwa gundi na ungekuwa umegongelea misumari ungesafishaje? Wakati wa masika kioo kilikuwa kinatoa jasho kwa ndani mpaka chini panalowa, nikasafisha matundu pakakauka. Nje tumeweka beseni la maji lenye mawe ya kutua.

Vifuniko vya mbao hivi vya pembeni vinakaa vimefungwa muda wote, unafungua unaangalia unafunga. Mwanga wa kutwa unawasumbua, na nyuki wetu wakisumbuliwa hawavumilii, wanahama. Dalili utaziona kwenye kioo kabla, malkia anapunguza kutaga, mayai hayaonekani, asali inaliwa haraka. Ukiona hivyo wape fremu yenye majana machanga kutoka mzinga mama na maji ya sukari, sukari na maji sawa kwa sawa, kwenye ile chupa ya kulishia ya juu. Majana machanga huwa yanawashika, kuyaacha ni vigumu.

Alafu kitu kidogo lakini kinaua kundi zima, chumba hiki hakipigwi dawa ya mbu wala mende, hata ile ya kuchoma. Mwambie kila anayefanya usafi, bandika karatasi mlangoni. Sisimizi nawazuia kwa makopo ya oili chafu kwenye miguu ya meza, na bomba nje nimelipaka grisi duara zima. Na mjusi kafiri anapenda kujibanza karibu na mdomo wa bomba jioni anadaka nyuki mmoja mmoja, mwondoe.

Haya sasa raha yake. Njoo saa nne asubuhi au saa tisa alasiri jua limeelemea upande mmoja. Unamwona huyu hapa anatikisa kiuno anakimbia mstari ulionyooka, anazunguka, anarudia? Anawaelekeza wenzake chakula kilipo. Mstari ukienda juu kabisa ni kuelekea lilipo jua, ukielekea chini ni kuligeuzia jua mgongo, na sekunde moja hivi ya kutikisa inakaribia kilomita moja. Mtafiti wa nyuki Karl von Frisch ndiye aliyeichambua hii lugha mpaka akapewa Nobel mwaka 1973. Sasa asubuhi hapa Raskazone wakicheza kuelekea chini najua wanaenda mjini, kwenye minazi na miembe ya majumba ya watu. Mimi nimefuga nyuki muda mrefu nje na hiki kitu nilikuwa nakisikia tu, humu nakiona kila siku, na watoto wanakisoma wenyewe wakishaelekezwa mara moja.

Na kwa walimu, ushauri wangu, mnapojaza mzinga msihamishe malkia. Leteni fremu yenye mayai na nyuki wake na fremu ya asali na chavua, malkia abaki mzinga mama. Wataona hawana malkia watajenga vijumba vya kumlea mwingine mbele ya macho yenu, tangu yai mpaka anatoka ni siku 16, wakati kibarua ni 21 na dume 24. Atatoka kwa hilo bomba kwenda kupandwa angani, arudi, kisha mtamwona anaanza kutaga.

Asali ya kurina hapa hakuna, msiulize. Hela yako inaliwa na kioo na mageti, usibane hapo, bana kwenye urembo. Nyumbani kwenye watoto wadogo au mtu anayevimba akidungwa usiuweke, na kabla hujaufunga popote ongea na afisa nyuki wa wilaya yako. Mwenye hofu kabisa kuna nyuki wadogo wasiouma, hao sanduku lao ni dogo, kifuniko cha kioo juu kinatosha na hupati shida ya majana kuzidi haraka hivi, ila asali wanaweka kwenye vijungu vya nta na hii ngoma ya kwenye sega hutaiona kwao. Nikipata kundi lao zuri nitawaletea. Anayetaka vipimo vya fremu na mageti aandike hapo chini wilaya aliyopo na aina ya mzinga wake wa nje, nitamjibu kwa huo mzinga wake.