TAHADHARI: Muuzaji wa "noti za marehemu mjomba baharia" za Amerika Kusini

Ndugu zangu wakusanyaji, kuna mtu anawafuata watu inboksi akiuza noti za zamani za Brazil, Bolivia na Paraguay, akisema ni za marehemu mjomba wake aliyekuwa baharia. Tafadhali msimtumie hela. Mimi nilimtumia shilingi 46,000 za Kenya, na nilichopokea ni karatasi mbili za printa pamoja na noti kumi na moja za kawaida zilizofuliwa na kupigwa pasi. Jina analotumia silitaji. Amelibadilisha mara mbili tangu tuanze kuzungumza, na hilo la leo huenda ni la mtu asiye na hatia. Mtamtambua kwa hadithi yake.

Na hadithi anaijua kuisimulia. Mjomba alipanda meli Kilindini miaka ya hamsini, akafika Santos, Montevideo na Buenos Aires, na kila alikopita alibakiza noti za ukumbusho. Sanduku likakaa chini ya kitanda Mombasa mpaka mzee alipofariki. Huyu bwana anakuuliza hali ya wazazi wako, anakuombea dua, hana papara hata kidogo. Siku ya tatu ndipo anapokwambia kuna mnunuzi wa Dubai anazitaka zote, ila roho yake ingependa zibaki kwa mtu wa nyumbani. Nikatuma siku hiyo hiyo.

Kuna jambo nililijua tangu shuleni na sikulikumbuka pale nilipolihitaji: Bolivia haina bahari. Pwani yake ilichukuliwa na Chile katika vita vilivyoanza mwaka 1879. Paraguay nayo iko katikati ya bara. Sikatai kwamba baharia anaweza kuangukiwa na noti ya Bolivia mkononi. Lakini huyu alikuwa na mfululizo mzima, kuanzia bolivianos 5 (boliviano ndiyo iliyokuwa pesa ya Bolivia) hadi 10,000, noti tisa, zote zimenyooka kama zimetoka benki jana. Baharia hukunja pesa akaitia mfukoni.

Noti hizo tisa za Bolivia si bandia, niseme haki. Uongo uko kwenye maelezo. Baadhi zina picha ya Simón Bolívar, shujaa wa uhuru wa Amerika Kusini, na zote zina maandishi yanayotaja sheria ya tarehe 20 Desemba 1945, naye akaniuzia kama "noti za mwaka 1945, mwaka vita vilipoisha, hazipatikani tena." Hiyo ni tarehe ya sheria iliyoruhusu noti zitolewe. Kuchapwa ziliendelea kuchapwa kwa miaka mingi chini ya sheria hiyo hiyo, na baada ya mapinduzi ya mwaka 1952 bei za vitu zilipopanda vibaya, noti zilimwagwa kwa wingi mpaka boliviano ikaachwa. Tarehe 1 Januari 1963 bolivianos 1,000 zilibadilishwa kwa peso moja mpya. Ndiyo maana nyingi ya noti hizi, hasa za thamani ndogo, zimejaa sokoni hadi leo. Mbili za Paraguay aliziuza kwa mtindo ule ule: zimeandikwa 25 Machi 1952, na hiyo pia ni tarehe ya sheria. Mkikutana na noti za Uruguay zenye tarehe 2 Januari 1939, ni habari hiyo hiyo. Mtu akikutajia tarehe hizi kana kwamba ndizo siku za kuzaliwa kwa noti, ama hajui anachouza, ama anajua sana.

Kilichonituliza moyo kwenye picha alizonitumia ni jina la De La Rue wa London chini ya noti. Mimi nilianza kukusanya kwa noti za shilingi za Afrika Mashariki zenye Malkia Elizabeth, ambazo nazo zilichapwa na De La Rue, kwa hiyo niliona kama nimekutana na ndugu wa mbali. Jina la mchapaji halisemi chochote kuhusu hali ya noti.

Hali yenyewe alisema ni mpya, haijawahi kushikwa sokoni. Nilipozishika nilijua kabla sijawasha taa. Noti mpya ya miaka hiyo ina mlio wake ukiitikisa, na wino wake umeinuka kidogo, ukipitisha ncha ya kidole kwenye sura ya Bolívar unausikia. Hizi zilikuwa laini kama leso. Wino umelala kwa sababu ya pasi, rangi imepauka, na ukiinamisha noti kuelekea mwanga wa pembeni, mikunjo ya zamani inatokea tena, katikati na robo kwa robo. Moja ilikuwa bado inanukia sabuni. Noti iliyochakaa kwa haki ina thamani yake, kidogo lakini ya kweli. Ukishaifua umeiharibu, na ukiiuza kama mpya umeiba. Hili linaniuma kuliko hela, maana zilikuwa noti nzuri.

Sasa zile mbili za Brazil, ambazo ndizo zilizobeba sehemu kubwa ya bei. Brazil iliacha pesa yake ya zamani, mil-réis, ikaingia kwenye cruzeiro mwaka 1942. Noti za mwanzo za cruzeiro zilichapwa New York na American Bank Note Company, kisha zikatiwa saini kwa kalamu na maafisa, moja baada ya moja. Baadaye saini zikawa zinachapwa pamoja na noti. Kwa hiyo wakusanyaji huzitafuta zile za kalamu, na za thamani kubwa ndizo ngumu kupatikana. Huyu bwana aliniletea mbili za cruzeiros 1,000, zenye sura ya baharia Mreno Pedro Álvares Cabral mbele, na namba zake tofauti.

Niliziweka mezani usiku, nikafurahi, nikalala. Asubuhi nilizipandanisha dirishani ili nilinganishe karatasi. Saini mbili zikaangukiana kabisa. Mkia wa herufi ya mwisho, pale kalamu ilipokwama kidogo, hata nukta ya wino iliyodondoka pembeni, vyote mahali pamoja. Hakuna binadamu anayetia saini mbili hivyo.

Baada ya hapo mengine yalikuwa uthibitisho tu. Chini ya lenzi ya kukuzia, nywele za Cabral zilikuwa nukta nukta za rangi za printa, wakati noti halali ina mistari iliyochongwa, safi, isiyokatika. Saini ya kalamu huzama kwenye karatasi na kutawanyika kidogo ukingoni. Hii ilikuwa nukta pia. Nikaenda kwa mwenye duka jirani mwenye ile taa ya zambarau ya kukagulia pesa: karatasi ikawaka nyeupe ya samawati kama karatasi ya ofisini. Karatasi halisi ya wakati ule hubaki imefifia. Lakini msiitegemee taa peke yake, kwa sababu hata noti halali iliyofuliwa kwa sabuni ya unga inaweza kung'aa.

Nilirudi kwenye picha alizonitumia kabla ya malipo. Zote zimepigwa kwa mshazari, na kidole gumba kimefunika mwisho wa namba. Mwenzangu wa Dar es Salaam naye alionyeshwa noti ndani ya kasha la plastiki la kampuni ya kupima ubora. Namba ya cheti ilikuwa ya kweli, ila ni ya noti nyingine kabisa. Aligundua kwa sababu aliandika anwani ya tovuti ya kampuni kwa mkono wake mwenyewe, hakufungua kiungo alichotumiwa.

Malipo alitaka kwa M-Pesa, namba ikatoka jina la mwanamke, akasema ni dada yake. Parseli ikaja kwa basi. Nilipolalamika alisema labda zimechanganyika sandukuni, akaahidi kurudisha hela Ijumaa, kisha akanifungia. Nimeripoti polisi na nina namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo.

Anayeshawishika bado, amwombe picha ya noti ikiwa imelala bapa, pande zote mbili, namba yote ikionekana, na pembeni kikaratasi chenye jina lako na tarehe ya leo. Kisha nyingine ikiwa imeshikwa dirishani. Mimi nilimwomba hizo kupitia laini ya binamu yangu wiki iliyopita. Alijibu kwamba mnunuzi wa Dubai ameshalipa.

Ombi langu ni moja. Kama una noti ya Cabral uliyoinunua kwake, piga picha ya saini kwa karibu unitumie. Tazama juu ya mkia wa herufi ya mwisho, upande wa kulia, kama kuna nukta ndogo ya wino. Tukipata ya tatu iliyo hivyo, tutakwenda kituoni pamoja.