Desa la falsafa ya elimu linalouzwa Tabora: limefaulu wapi, limekosea wapi

Majira ya mitihani, ukipita stationari zilizo karibu na vyuo vya Tabora mjini, utalikuta desa hili (kijitabu cha muhtasari wa kujisomea) limepangwa kaunta pembeni ya mashine ya kopi: jalada la manila la bluu, spairo nyeusi, kurasa 68, sh. 4,000. Jina la mwandishi halipo. Linaeleza wanafikra kumi na wawili, kuanzia Plato hadi Nyerere, walivyoyaona maadili, asili ya binadamu na elimu. Wanachuo wa ualimu wanalinunua sana, na wana sababu. Kiswahili chake ni chepesi bila kuwa cha ovyo, na miaka imenyooka: Aristotle 384 hadi 322 KK, Leviathan ya Hobbes 1651, Democracy and Education ya Dewey 1916. Kwa bei hiyo, huo ni msaada mkubwa.

Tatizo liko kwenye jedwali la mwisho, na jedwali hilo ndilo watu wanalokariri. Lina safu tatu: asili ya binadamu, maadili, elimu. Kila mwanafikra kapewa sentensi moja kila safu. Sasa, yeyote kati ya hawa akisema mtoto afundishwe hivi, ni kwa sababu ameshaamua mtoto ni kiumbe wa namna gani. Ukizitenga safu, kiungo hicho kinakatika. Swali likija na neno "jadili", mwanachuo anabaki na sentensi tatu zisizoshikana, na mtahini analiona hilo kwenye aya ya kwanza tu.

Aliyeumizwa zaidi na jedwali ni Rousseau. Safu ya elimu inasema, "Mtoto aachwe ajifunze mwenyewe." Huo ni upotoshaji. Ni kweli Emile, kitabu chake cha 1762, kinaanza na dai kwamba kila kitu hutoka kikiwa chema kwa Muumba na kuharibikia mikononi mwa binadamu. Lakini kutokana na dai hilo hasemi mtoto aachwe. Anasema akingwe na uovu mapema, na mazingira yapangwe ili mambo yenyewe yamfunze. Tazama mfano wake wa dirisha. Mtoto kavunja kioo cha chumba chake. Mlezi hagombi wala haharakishi kuweka kingine. Upepo unaingia usiku na mchana, na mafua yakimshika, basi yamshike. Kioo kikishawekwa, mtoto akavunja tena, anafungiwa mahali penye giza pasipo na dirisha, mpaka yafikiwe makubaliano kwamba hatavunja tena. Mlezi wa namna hiyo yuko kazini muda wote, ila mkono wake hauonekani.

Kosa hili haliishii kwenye karatasi ya mtihani. Linakwenda hadi BTP, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni. Mwanachuo anaandika kwenye andalio la somo "wanafunzi wagundue wenyewe", anakaa mezani dakika 40, na darasa linageuka soko. Dewey alishaliona tatizo hilo mwaka 1938 aliposema wazi kwamba si kila uzoefu unaelimisha. Mwingine unamfunga mtoto asijifunze zaidi. Desa lina kurasa tatu za Dewey na hoja hiyo haimo.

Kwa Locke wamechukua usemi wake kwamba akili ya mtoto ni "karatasi nyeupe" na kuhitimisha kwamba aliona watoto wote wako sawa. Karatasi ile inahusu mawazo: hakuna anayezaliwa nayo akilini. Kuhusu tabia, kitabu chake cha malezi cha 1693 kinasema kila mtoto ana hulka yake, na mlezi aichunguze kwanza. Humo pia anapanga anachotaka mtoto apate: adili, hekima, adabu njema, halafu mwisho kabisa elimu ya vitabu. Mpangilio huo peke yake unajibu nusu ya swali la maadili na elimu, na haumo kwenye desa. Halafu kuna jambo ambalo desa zima limelinyamazia: Locke na Rousseau wote wanaongelea mtoto mmoja na mlezi wake. Mwalimu anayekwenda wilaya ya Sikonge au Uyui kukuta darasa limefurika anapaswa kuambiwa hivyo mapema.

Aristotle, aliyesema wema uko kati ya kuzidisha na kupunguza, kachorewa mstari wenye woga huku, kujitosa ovyo kule, na ujasiri katikati kabisa kama kwa rula. Yeye mwenyewe alikataa hesabu ya namna hiyo. Alisema mina kumi (kipimo cha uzito cha Wagiriki) za chakula zikiwa nyingi na mbili zikiwa chache, mkufunzi wa michezo haamui tu kwamba kila mtu ale sita. Sita ni chache kwa Milo mpiga mieleka na ni nyingi kwa anayeanza mazoezi. Ongeza pia kwa kalamu kwamba wizi na uuaji havina kiasi cha katikati. Kwa Plato, ngazi za umri za kuwaandaa watawala zimekatika kwenye 35. Baada ya hapo kuna miaka 15 ya kushika kazi za utendaji, na kutawala ni kuanzia 50.

Ibn Khaldun kapewa nusu ukurasa, na ndiyo nusu ukurasa bora kuliko zote. Somo lipitiwe mara tatu: kwanza mambo makuu kwa ujumla, pili kwa maelezo kamili na tofauti za maoni, tatu bila kuacha fundo lolote. Na ukali kwa mwanafunzi humfundisha uvivu, uongo na hila, kwa kuwa anaogopa mkono wa mwalimu. Hayo yameandikwa 1377. Yalistahili kurasa tano.

Sehemu ya Nyerere inasikitisha kidogo, hasa ikiuzwa mji aliosoma na kufundisha. Andiko lake la 1967, Elimu ya Kujitegemea, limefanywa kuwa jembe na shamba la shule, basi. Misingi yake mitatu (usawa na heshima ya utu, kugawana tunachozalisha, kila mtu kufanya kazi bila kunyonywa) imetajwa, lakini haikuunganishwa na shamba hilo. Nyerere anataka wanafunzi waamue wenyewe: fedha walizochuma wakodi trekta, au watumie kwa mahitaji mengine na kulima kwa mikono? Ukiondoa uamuzi huo, kilichobaki ni kibarua.

Ukilinunua, anza kwa kulichana jedwali. Chukua daftari, kila mwanafikra mwandikie aya moja yenye "kwa hiyo" mbili: mtoto yukoje, kwa hiyo wema ni nini, kwa hiyo afundishwe vipi. Ukishindwa kuandika "kwa hiyo" ya pili, rudi kwenye maelezo, bado hujaelewa. Saa nne zinatosha kwa wote.

Na dukani omba iliyoprintiwa kutoka kwenye faili, usikubali kopi ya kopi; kurasa za Kant huwa zimefifia hazisomeki. Zifunue zote kabla hujalipa, maana spairo nyingine zimefungwa ukurasa wa 47 ukiwa haupo, na huo ndio wa Ibn Khaldun.